Sentimita Mbili Langoni: Wazazi na Mstari wa Kimo

Foleni imekula dakika hamsini. Mtoto wa miaka sita amesimama juani, ameshika mkono wa baba yake, na kila wakisogea hatua moja anauliza kama wamefika. Hatimaye wanafika. Kijana mhudumu anamwomba asimame wima mbele ya kibao chenye mstari, visigino viguse ubao, kidevu kisiinuliwe. Utosi wa mtoto unaishia chini ya mstari. Zimebaki sentimita mbili. Mhudumu anachuchumaa amtazame machoni, anamwambia kwa upole kwamba leo hatapanda. Mtoto anainua uso kumtafuta baba yake. Na baba, aliyelipa kiingilio cha watu wanne na kuiahidi safari hii tangu mwanzo wa mwaka, anaanza kubishana.

Ubishi huu husikika kila siku katika bustani kubwa za burudani za Marekani, Ulaya na Ghuba, na watu wa Afrika Mashariki nao wameanza kuuzoea kwenye bustani za maji na kwenye michezo ya watoto ndani ya maduka makubwa. Hoja za wazazi hazibadiliki sana. Sentimita mbili ni nini? Mwezi uliopita alipanda kwingine na hakuna kilichomtokea. Nitamshika mwenyewe. Wapo pia wanaokuja wamejiandaa: wamekunja soksi na kuzitia ndani ya viatu vya mtoto, wamemvalisha raba za soli nene, au wamemfunga nywele fundo kubwa juu ya utosi.

Wengi wao ni wazazi wema wanaotaka mtoto afurahi. Kosa lao ni kudhani kwamba kibao kile kinapima ukubwa wa mtoto kwa jumla, kana kwamba ni cheti cha kukua ambacho mtu mwenye huruma angeweza kukitoa mapema kidogo. Kibao kinapima jambo moja tu: kama mwili wa mtoto utafika mahali ambapo chuma cha kiti kimetengenezwa kuukuta. Mstari ule ni sehemu ya kiti. Umetolewa kwenye kiti ukawekwa langoni, ili jibu lipatikane wakati mtoto bado amesimama ardhini.

Kiti kinavyomshika mtu

Zamani hapakuwa na haja ya kibao. Mwaka 1884, LaMarcus Thompson alipofungua reli yake ya burudani huko Coney Island, New York, abiria walilipa senti tano, wakakaa ubavu kama kwenye benchi, wakaenda kwa mwendo wa kilomita kama 10 kwa saa. Mtu akikimbia polepole angeweza kwenda nayo sambamba. Chuma cha kumzuia abiria mapajani kilikuja mwaka 1907, hukohuko Coney Island. Cyclone, rolakosta ya reli za mbao iliyofunguliwa hapo mwaka 1927 na inayobeba watu hadi leo, hudai kimo cha sentimita 137. Mwaka 1959 Disneyland ya California ikafungua Matterhorn, ya kwanza kutumia reli za mabomba ya chuma. Mabomba yaliwapa wahandisi uhuru wa kuipinda reli kwa ukali, kuisokota, na baadaye kumgeuza abiria kichwa chini miguu juu. Kadiri reli ilivyozidi ukali, ndivyo kiti kilivyoacha kuwa mahali pa kukalia tu, kikawa kifaa cha kumshika mtu.

Kiti hicho kinafaa kutazamwa kwa karibu. Treni inapovuka kilele kwa kasi, reli huanza kushuka lakini mwili wa abiria unataka kuendelea kwenda juu. Kwa sekunde moja au mbili makalio yanaachana na kiti. Kinachomzuia asitoke ni chuma kilichokaza juu ya mapaja, karibu kabisa na nyonga. Mtu mzima ana mapaja manene na nyonga pana, na chuma kikitua hapo hana njia ya kuchomoka. Mtoto wa sentimita 95 ana mapaja membamba na mafupi. Chuma kilekile kinaweza kufika mwisho wa mwendo wake kabla hakijamgusa, na uwazi ukabaki. Miguu yake haifiki sakafuni, kwa hiyo hana pa kujikazia. Breki zikishika anateleza kwenda mbele, na uwazi ule mdogo unageuka mlango.

Hatari huongezeka pale chuma kimoja kinapowafunika watu wawili, kwa sababu husimama kwenye mwili wa aliye mkubwa. Baba mwenye kitambi akikaa na binti yake wa miaka minne, chuma kitakaza tumboni kwa baba na kuelea hewani juu ya magoti ya binti. Baba atahisi wote wawili wamefungwa vizuri, kumbe aliyefungwa ni yeye peke yake.

Hapo ndipo ahadi ya “nitamshika mwenyewe” inapokwama. Mtoto wa kilo 18, treni ikikata kona kwa nguvu mara nne ya uvutano wa dunia, anakuwa mzigo wa kilo 72. Hakuna mkono wa mzazi unaoweza kuuzuia mzigo huo ghafla, huku mzazi mwenyewe naye akiwa amekuwa mzito mara nne. Vilevile mikono haijui reli inaelekea wapi. Ikikaza upande mmoja, mwili wa mtoto unavutwa upande wa pili.

Kuna pia habari ya kichwa. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake wote, na cha mtu mzima ni karibu sehemu moja ya nane. Mtoto wa miaka minne yuko katikati ya safari hiyo: amebeba kichwa kizito juu ya shingo ambayo misuli yake bado haijakomaa. Kwenye viti vyenye vyuma vinavyoshuka kutoka mabegani, mto uliokusudiwa kutua begani kwa mtu wa sentimita 140 utamkuta mtoto mfupi sikioni au kwenye taya, na kila mtikisiko unakuwa kipigo.

Kwa kuwa kila kiti ni tofauti, kila mchezo una namba yake. Katika Walt Disney World ya Florida, treni ya Seven Dwarfs Mine Train hukubali watoto kuanzia sentimita 97, Space Mountain 112, na TRON Lightcycle 122. Jirani zao wa Universal wanadai sentimita 137 kwa Incredible Hulk. Nemesis ya Alton Towers, Uingereza, ni sentimita 140, na kipimo ni hichohicho kwa Formula Rossa ya Ferrari World, Abu Dhabi, inayofikia kilomita 240 kwa saa ndani ya sekunde kama tano. Namba za Marekani zinaonekana za ajabu kwa msomaji wa sentimita kwa sababu zilianza kama inchi 38, 44, 48 na 54.

Wakati mwingine kikomo kiko upande wa juu. Bembea na treni za watoto wadogo huwakataa warefu kwa sababu magoti hayaenei chini ya chuma, au kwa sababu mkono mrefu ukinyooshwa unaweza kugonga nguzo iliyo kando ya njia. Mtu mzima mwenye kimo kifupi kwa maumbile naye huzuiwa kwenye rolakosta nyingi, awe na miaka thelathini au hamsini. Hakuna anayemwona mtoto. Ni mwili wake tu haupatani na chuma kile.

Umri si kimo

Kinachowauma wazazi zaidi ni umri. “Mtoto wangu ana miaka tisa,” mama anasema, na mbele yake mtoto wa miaka sita wa familia nyingine anaruhusiwa kupita. Inaonekana ni dhuluma mpaka takwimu za ukuaji zisomwe. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mvulana wa katikati hufika sentimita 110 akitimiza miaka mitano na kama sentimita 122 akitimiza saba. Lakini huyo ni wa katikati tu. Mvulana wa miaka sita aliye mrefu, bado ndani ya mipaka ya kawaida, anaweza kuwa na sentimita 125. Mvulana wa miaka tisa aliye mfupi, bado ndani ya mipaka hiyohiyo, anaweza kuwa na 121. Kwenye mstari wa sentimita 122, mdogo atapita na mkubwa atabaki, na wote wawili ni watoto wenye afya.

Kwa nchi zetu kuna jambo la kuongeza. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyopasa umri wao. Kenya, mwaka huohuo, ilikuwa asilimia 18. Kwa hiyo mtoto wa miaka minane anayefika langoni na kimo cha miaka sita si jambo la nadra kwa familia za huku, na maneno ya mhudumu yanaweza kugusa kidonda ambacho mzazi hakutaka kukionesha mbele ya foleni. Inastahili mhudumu aseme kwa sauti ya chini. Lakini chuma cha mapajani hakibadiliki kwa sababu ya historia ya mtoto.

Inasaidia kutenganisha matumizi mawili ya kimo ambayo hufanana kwa nje. Hadi mwisho wa mwaka 2022, reli za China zilitoa tiketi za watoto kwa kupima kimo. Tangu Januari 1, 2023 zinatumia umri, baada ya wazazi kulalamika kwamba watoto warefu walitozwa nauli ya watu wazima. Malalamiko yale yalikuwa ya haki. Kwenye tiketi, kimo kilisimama badala ya umri, na kilisimama vibaya. Kwenye rolakosta kimo hakisimami badala ya kitu chochote. Umri ukiwekwa mahali pake, mtoto wa miaka tisa mwenye sentimita 115 ataketi kwenye kiti kisichomshika.

Mambo ambayo mstari hauyaoni

Mzazi akishaukubali mstari, hujaribiwa kuuamini kupita kiasi: mtoto amepita kipimo, basi yuko salama. Ajali zinazojulikana zaidi zinaonesha kwamba kupita kipimo ni mwanzo tu wa maswali.

Machi 1998, mvulana wa miaka mitano alipanda Big Thunder Mountain ya Disneyland pamoja na familia yake. Kimo chake kilitosha. Treni ilipokuwa ikiingia kituoni mwisho wa safari, mguu wake ulinaswa kati ya behewa na jukwaa, akapoteza sehemu ya unyayo. Mama yake, Kathy Fackler, alianza kuuliza wabunge, wahandisi na wenye bustani swali lililoonekana dogo: kwa nini kiti cha mtoto wa miaka mitano kimetengenezwa kana kwamba mtoto huyo hatainua mguu? Alikuwa miongoni mwa waliopigania sheria ya California ya mwaka 1999 iliyoweka ukaguzi wa serikali kwenye bustani za kudumu, na baadaye akaanzisha shirika la Saferparks. Hoja yake kuu ni kwamba tabia za watoto zinatabirika. Watoto huchoka kukaa, husimama, hunyoosha miguu, na wakiogopa hujaribu kushuka. Mtengenezaji anayejua hayo anapaswa kuyaweka kwenye hesabu, na mzazi naye.

Mwaka 2000, katika Disneyland hiyohiyo, mvulana wa miaka minne alianguka kutoka gari la Roger Rabbit, mchezo wa polepole ambao haukuwa na sharti la kimo, akabanwa chini ya gari lililofuata. Aliumia ubongo, na alifariki mwaka 2009. Uchunguzi wa jimbo ulionesha kwamba aliketishwa upande ulio karibu na mwanya wa kuingilia, na kwamba chuma hakikuwa kimeshuka ipasavyo. Somo lake ni la kila gari la burudani duniani, liwe na kibao au lisiwe nacho: mdogo huingia kwanza na kukaa ndani kabisa, mkubwa hukaa upande wa mwanya.

Agosti 7, 2016, huko Kansas, mvulana wa miaka 10 alikufa kwenye Verrückt, mtelezo wa maji wa zaidi ya mita 51 uliotangazwa kuwa mrefu kuliko yote duniani. Boti ilibeba watu watatu, na masharti yalikuwa kimo cha sentimita 137 pamoja na uzito wa jumla kati ya kilo 181 na 249. Mvulana alipita kipimo cha kimo. Boti iliruka juu ya maji kwenye mlima wa pili, naye akagonga vyuma vilivyoshikilia wavu. Kasoro ilikuwa kwenye usanifu wenyewe, na hakuna mzazi ambaye angeigundua kwa kumpima mtoto. Mwaka uliofuata Kansas ilikaza sheria zake za ukaguzi, na mwaka 2018 mtelezo ukabomolewa.

Machi 24, 2022, mjini Orlando, kijana wa miaka 14 aliteleza akatoka kwenye kiti cha mnara wa kuporomoka wenye urefu wa mita zaidi ya 130. Yeye hakuwa mfupi hata kidogo. Alikuwa na mwili mkubwa kuliko kikomo cha kilo 130 kilichoandikwa na mtengenezaji, na uchunguzi ulikuta vihisio vya kiti chake vimerekebishwa kwa mkono, hivyo mashine ikakubali kuanza ingawa uwazi kati ya chuma na kiti ulikuwa mkubwa kuliko unaofaa. Mnara ulivunjwa mwaka 2023, na Florida ikapitisha sheria inayobeba jina la kijana huyo. Kisa hiki kinawahusu wazazi wa vijana, ambao mara nyingi huacha kuuliza maswali mara mtoto anapowapita kwa kimo.

Ni haki kusema pia kwamba vifo vya namna hii ni vichache. IAAPA, chama cha kimataifa cha sekta hii kilichoanzishwa mwaka 1918, husema kwamba katika bustani za kudumu za Marekani uwezekano wa mtu kuumia vibaya ni mmoja katika safari milioni 15.5. Picha hupanuka majeraha yote yakihesabiwa, na michezo yote. Watafiti wa hospitali ya watoto ya Nationwide huko Ohio walikadiria kwamba kati ya 1990 na 2010 watoto 92,885 walitibiwa kwenye vitengo vya dharura vya Marekani baada ya kuumia kwenye michezo hii, wastani wa 4,423 kwa mwaka, na kuanguka ndiko kulikoongoza. Wengi waliruhusiwa kurudi nyumbani baada ya matibabu. Na sehemu yao waliumia kwenye vigari na farasi wa sarafu walio mbele ya maduka, mahali ambapo hakuna foleni, hakuna mhudumu wala kibao, na mzazi yuko hatua tatu akitazama simu.

Nani anaushika mstari

Nyuma ya kibao kuna msururu wa watu. Mtengenezaji huamua kimo akiwa na michoro na hesabu. Marekani, kamati ya F24 iliundwa mwaka 1978 chini ya shirika la viwango la ASTM. Viwango vyake vinagawa vizuizi vya abiria katika madaraja matano, kuanzia kiti kisicho na kizuizi hadi kiti kinachofunga kila mtu peke yake na kuwa na kinga ya ziada endapo kufuli la kwanza litashindwa. Ulaya inafuata kiwango cha EN 13814. Mwenye bustani anaweza kuiongeza namba ya mtengenezaji, lakini hapaswi kuishusha kwa hiari yake.

Usimamizi wa serikali ni suala jingine. Mwaka 1981 Bunge la Marekani liliiondolea tume ya usalama wa bidhaa mamlaka juu ya michezo ya bustani za kudumu, ikabakiwa na ile inayohamahama. Tangu hapo kila jimbo lina utaratibu wake. Florida, yenye bustani kubwa kuliko zote, inaziachia zile zenye wafanyakazi zaidi ya 1,000 zijikague zenyewe. Majimbo kadhaa yanamwekea abiria naye wajibu wa kisheria wa kufuata maelekezo yaliyobandikwa. Maana yake mzazi aliyejaza soksi kwenye viatu vya mwanawe anaweza kujikuta anaulizwa mahakamani.

Mwisho wa msururu wote huo husimama kijana mmoja, mara nyingi mwanafunzi aliyeajiriwa kwa msimu. Kazi yake ni ngumu kuliko inavyoonekana. Septemba 2021, huko Colorado, mtoto wa miaka sita alikufa kwenye mnara wa kuporomoka kwa sababu alikuwa amekalia mikanda badala ya kufungwa. Mashine ilitoa ishara kwamba kuna tatizo la mkanda, waendeshaji hawakuielewa, wakaianzisha. Ripoti ya jimbo ililaumu mafunzo yao. Kijana kama huyo anahitaji muda wa kuvuta kila mkanda, kusukuma kila chuma na kutazama kila kiti. Kila dakika anayotumia kujibizana na mzazi juu ya sentimita mbili inatoka hapo. Ndiyo sababu bustani nzuri hazimruhusu kujadili namba: mstari ukiwa haujadiliwi, hata mfanyakazi wa siku ya tatu anaweza kusema hapana kwa mtu mwenye umri wa baba yake.

Siku ya Idi, pasipo na kibao

Kwa watoto wengi wa pwani, burudani ya namna hii ina siku zake. Unguja ni Kariakoo, Chake Chake ni Tibirinzi, Mombasa ni Makadara: nguo mpya, pesa za sikukuu mkononi, na pembea zinazozunguka hadi usiku. Nairobi na miji mingine ya Kenya kuna maonesho ya kilimo, ambako bembea hufika zikiwa zimepakiwa kwenye malori na kufungwa uwanjani kwa wiki moja. Dar es Salaam familia huenda kwenye bustani za maji za Kunduchi na Kigamboni. Wanaofunga safari hadi Dubai, Abu Dhabi au Muscat hukutana na vibao vyenye maandishi ya Kiarabu na Kiingereza.

Mashine inapobebwa na lori, kufungwa na kufunguliwa mara nyingi kwa mwaka, kila bolti inategemea umakini wa aliyeikaza asubuhi ile. Mahali pa namna hiyo kibao cha kimo kikikosekana, kazi yake inamwangukia mzazi, na anaweza kuifanya kwa dakika tano kabla ya kukata tiketi. Atazame mzunguko mmoja mzima. Je, mwendeshaji anapita kwenye kila kiti na kuvuta mnyororo au chuma kwa mkono, au anapiga kelele tu kwamba kila mtu ajifunge? Anabaki karibu na swichi mashine ikienda, au anaenda kukusanya pesa? Kuna uzio unaowazuia watoto wengine wasikimbilie chini ya viti vinavyozunguka? Watoto wenye kimo cha mwanawe wameketi vipi: migongo imegusa kiti, au wamening'inia ukingoni? Kisha, mtoto akishaketi, mzazi apitishe ngumi kati ya chuma na mapaja yake. Ngumi ikipita kwa urahisi kwenye mchezo wenye kasi, ashushwe. Ada ya safari moja ikipotea itakuwa hasara ndogo.

Kwenye maji kipimo kinaongezeka. Mtoto anaweza kuwa na kimo cha kuruhusiwa kuteleza, lakini mtelezo humwaga kwenye bwawa, na asiyejua kuogelea akifika chini amepinduka, maji yakiwa puani na mdomoni, anahitaji mtu mzima aliyesimama ndani ya maji pale pale, si kwenye kiti cha pembeni.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Sehemu kubwa ya machozi ya langoni huanzia sebuleni, mzazi anapoahidi mchezo fulani kwa jina. Ahadi ni deni, na deni hili kulilipa hakuko mikononi mwake. Bustani kubwa karibu zote huchapisha vimo vyao kwenye tovuti, kwa hiyo orodha inaweza kutengenezwa siku nyingi kabla. Mtoto apimwe akiwa na viatu vya kawaida vya kutembelea, na apimwe jioni. Uti wa mgongo hushindiliwa kadiri mtu anavyosimama mchana kutwa, na kimo hupungua kwa kiasi kinachokaribia sentimita nzima. Mtoto aliyefika mstari barabara saa moja asubuhi anaweza kukataliwa saa kumi jioni, na hakuna aliyemwonea.

Bustani zenyewe zimejifunza kulipunguza jambo hili makali. Hersheypark ya Pennsylvania, iliyoanzishwa na mwenye kiwanda cha chokoleti, huwapanga watoto kwa majina ya peremende: kuanzia sentimita 91 mtoto ni Kisses, kuanzia 107 ni Reese's, na kuendelea juu. Anapimwa mara moja tu na kujua jina lake tangu asubuhi, na mwaka unaofuata hurudi akiwa na jina jipya. Disney na Universal huruhusu wazazi kupokezana: mmoja hupanda huku mwingine akibaki na mdogo, kisha hubadilishana bila yule wa pili kurudi mwisho wa foleni. Mhudumu wa langoni ndiye wa kuulizwa utaratibu huo, na dakika za kubishana naye zingetosha kuupanga.

Linabaki suala la mtoto ambaye kimo chake kimefika lakini moyo haujafika. Yule wa miaka sita mwenye sentimita 125 ameruhusiwa na kibao, ila huenda alilia mwezi uliopita kwenye bembea ya kawaida. Kibao hakilijui hilo, na mhudumu hawezi kulijua. Mzazi analijua. Akisema hapana pale ambapo bustani imesema ndiyo, hatakuwa amemnyima mtoto kitu. Rolakosta itakuwepo mwakani.

Kuna nyumba ambako jambo hili lote huishia kwenye mwimo wa mlango. Mtoto huvua kofia, husimama wima, hutakiwa asinyanyue visigino, na penseli hupita juu ya utosi wake. Tarehe huandikwa kando. Chini ya alama hiyo ipo ya Idi iliyopita, na chini zaidi ya Idi iliyotangulia. Juu yake mama amechora kwa rangi nyekundu mstari wa sentimita 122, ule wa mchezo ambao kaka mkubwa hautaji bila kutikisa kichwa. Mtoto anageuka, anaweka vidole kati ya mistari miwili, anahesabu: vitatu. Kisha anachukua karatasi ya michezo iliyobaki na kuanza kuchagua.